Nati ya Gurudumu la Nyuma

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa jikoni. Mkono mmoja nimeshika ovaroli ya mume wangu niliyotaka kuifua, mkono mwingine nimeshika nati niliyoikuta mfukoni mwake. Yeye amesimama mlangoni, ananitazama, na rangi imemtoka usoni.

Kuna msomaji amelalamika kwa mhariri kwamba nati haiwezi kumtetemesha mwanamke mzima mwenye mapaja kama yangu. Mapaja ni kweli. Fundi cherehani wetu alikuwa akinipima anasema yeye anashona suruali, hashoni mahema. Lakini msomaji huyo hajawahi kupanda baiskeli ya uwanjani. Nimweleze upesi, kisha turudi jikoni kabla mume wangu hajatoroka.

Baiskeli yetu haina breki. Wala haina ile raha yenu ya kuacha kukanyaga huku gurudumu linajiendea lenyewe. Gurudumu likizunguka, na miguu inazunguka, upende usipende. Ukitaka kupunguza mwendo unabana miguu, unakanyaga kinyume, baiskeli inatii.

Kinachoifanya itii ni nati moja bapa kwenye gurudumu la nyuma. Imelalia kile kigurudumu chenye meno kinachovutwa na mnyororo, inakizuia kisifunguke unapokanyaga kinyume. Ikilegea, kwenda mbele utakwenda tu, tena vizuri. Utajua siku unayotaka kusimama.

Na mimi nilikuwa bingwa wa kusimama.

Msicheke. Katika mbio zetu za watu wawili, aliye nyuma ndiye mwenye nafasi nzuri. Anakuona, humwoni. Unamkingia upepo, anapumzika, kisha mwishoni anakuchomokea. Kwa hiyo kila mmoja anamlazimisha mwenzake atangulie. Tunapunguza mwendo, tunapunguza, mpaka mmoja anasimama kabisa juu ya magurudumu mawili bila kutua mguu. Asiyeweza kusimama anapita mbele, na huyo umeshammeza.

Mimi nilikuwa nasimama watu wanakwenda kununua soda, wanakunywa, wanarudisha chupa, wananikuta pale pale. Siku moja njiwa alitua kwenye kofia yangu akaanza kujichokoa manyoya. Wakanipa jina la Gundi. Nilishika ubingwa wa taifa tangu wapinzani wangu wa leo wakiwa wanajifunza kusoma saa.

Sasa, msimu huu, kusimama ndiko kulikoanza kuniangusha.

Mara ya kwanza ilikuwa mvua. Zege lililowa, nikateleza, nikachubuka, nikacheka. Mama yangu hakucheka. Alilia kutwa nzima.

Mara ya pili hapakuwa na mvua. Nilisimama kwenye kona, nikabana miguu kama siku zote, na mguu ukaenda chini ukakuta utupu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nati ilikuwa imelegea. Mara ya tatu vile vile. Mara ya nne nilitua kwa shingo.

Daktari wa mifupa aliishika picha ya shingo yangu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, nikwambie kwa lugha yako," akasema. "Ukianguka hivi tena, magurudumu utaendelea kuwa nayo. Lakini ya kiti. Na atakayekusukuma ni mtu mwingine."

Nilimwomba fainali moja tu. Nitetee taji langu mara ya mwisho, kisha nitundike baiskeli ukutani na nianze kunenepa kihalali.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeomba kiberiti ndani ya stoo ya petroli.

Haya, turudi jikoni.

"Hii inafanya nini mfukoni mwako?" nikamuuliza mume wangu.

Niseme kwanza kwamba mume wangu ndiye fundi wangu. Ndivyo tulivyokutana. Nilipeleka gurudumu, nikaondoka na mwanaume. Katika miaka yote hiyo hakuna mkono mwingine uliowahi kufunga nati yangu, na sifa za kila taji nilikuwa nampa nusu.

"Ni ile ya mara ya mwisho," akasema. "Nimeshaweka mpya. Hiyo naichunguza."

"Unaichunguza au unaificha?"

"Itazame pembeni. Unaona hiyo michubuko? Kuna mtu ameishika kwa spana baada yangu."

"Mtu gani?"

Akainama kuitazama nati upya.

"Nakuuliza wewe! Mtu gani?"

"Spana yangu ya ndoano, ile ya akiba, siioni tangu ile mvua."

"Sikukuuliza spana iko wapi. Nimekuuliza mtu."

Akafungua mdomo. Mara tukasikia ndala za Mama kwenye korido, anapita kukagua madirisha. Mume wangu akaufunga mdomo wake kama droo.

"Nikikwambia ninavyofikiri," akanong'ona, "hutanisamehe maisha. Ngoja niwe na hakika."

"Utakuwa na hakika nikishazikwa? Watu wamekuona unakunywa chai na kocha wa Sindano."

Sindano ndiye mpinzani wangu wa fainali. Msichana mwembamba, mrefu, mkali, anayeingia kwenye nafasi ambayo wewe umeapa haipo.

"Aliniita," akasema mume wangu.

"Kukupa nini?"

"Kazi. Nikakataa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu nilikataa!"

"Na nati hukuniambia kwa sababu gani? Nayo uliikataa?"

Hapo alikaa kitini akashika kichwa.

"Kuanzia sasa usiiguse baiskeli yangu," nikasema.

"Mke wangu, niache niikague mara moja tu. Kesho, dakika ya mwisho, mbele ya macho yako."

"Hata kwa kidole."

"Basi usisimame. Nakuomba. Kesho kimbia tu, usisimame."

"Ahaa," nikasema. "Sasa tumefika. Sindano anaogopa nini duniani kuliko kusimama kwangu? Na wewe unaniomba nisisimame."

Alichukua koti lake. Mlangoni aligeuka, akaitazama korido ilikokuwa inatoka sauti ya Mama akibana komeo, akatikisa kichwa, akaenda.

Mama akaingia akiwa na chai.

Mama yangu alikuwa mtunza stoo mpaka alipostaafu. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kufunga, na kustaafu hakukumwachisha. Akifunga chupa ya jamu, tunaita jirani. Akifunga bomba, tunaita fundi bomba. Aliwahi kufunga mfuniko wa chupa ya chai ya moto, tukanywa chai ile siku ya pili kwa kuitoboa chupa chini kwa msumari. Hapo naongeza chumvi kidogo, lakini si nyingi.

"Nimewasikia," akasema. "Mkwe wangu si mtu mbaya."

"Mama, naogopa."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye sijalala tangu ile mvua." Akanifuta machozi kwa kiganja chake kigumu. "Kesho baiskeli yako nitaikalia mimi. Sitabanduka. Hakuna mkono wa mtu utakaoisogelea."

Nikamwegemea bega, nikalia kama mtoto. Katika dunia nzima nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja wa kumwamini, na huyo alikuwa ananinywesha chai.

Asubuhi tukaingia uwanjani pamoja. Chumba cha kuvalia kiko chini ya jukwaa la watazamaji. Taa moja, benchi moja, harufu ya dawa ya kuchua na jasho la miaka. Watu waliokuwa wameanza kukaa juu walikuwa wanatembea juu ya vichwa vyetu, na kila mguu ukitua, vumbi kidogo linashuka.

Nikaigeuza baiskeli, magurudumu juu. Nikatoa spana mpya niliyonunua mwenyewe.

Nati hii, wasomaji, ni kaidi. Nati zote mnazozijua, na mifuniko, na mabomba, hufungwa kwa kuzungushia kulia. Hii hufungwa kwa kuzungushia kushoto. Mume wangu ndiye aliyenifundisha, siku ile ile ya gurudumu, na nadhani ndipo nilipompenda. Alikuwa anaeleza kama mtu anayesimulia siri za ukoo wake.

Nikazungusha kushoto. Nikaegemea spana kwa uzito wangu wote mpaka benchi likalia. Haikusogea hata unywele tena.

Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa ananitazama. Macho yake yalijaa huruma, huruma nzito, ya kumtazama mgonjwa. Akatikisa kichwa kidogo.

Nilidhani ananionea huruma kwa sababu ya ndoa yangu.

"Haya, nenda kapashe mwili," akasema. "Mimi nipo na kitu chako."

Nikaenda kupasha mwili kwa baiskeli ya mazoezi. Nilizunguka mpaka jasho likaanza kuchuruzika mgongoni. Katika kila mzunguko nilijiambia, nimeifunga mwenyewe, Mama ameikalia, leo hakuna shetani wala mume.

Niliporudi nilimkuta Mama ameketi wima, mkono mmoja juu ya siti ya baiskeli, mkono mwingine juu ya mkoba wake. Alikuwa anahema.

"Mbona unahema, Mama?"

"Joto la humu ndani."

"Kuna mtu amekuja?"

"Aje wapi? Alikuja mumeo, nikamfungia mlango. Alipiga piga, akaniita mama mkwe, mama mkwe, kwa adabu zote, lakini sikumfungulia."

"Alisema anataka nini?"

"Anasema ana neno na mimi. Mimi! Nina neno gani na mwanaume aliyekosana na mwanangu?"

Alisimama, na mkoba wake ukagonga benchi. Ukalia kling, sauti ya chuma. Mama yangu hutembea na funguo za milango ambayo ilishabomolewa, kwa hiyo sikushangaa.

Kocha akaingia kunichukua. Mzee mfupi, mnene, anayeongea na filimbi mdomoni, hata akikusalimia unadhani umecheza faulo.

"Gundi, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Mumeo yuko getini anavutana na walinzi. Anasema lazima aingie. Nimwambieje?"

"Mwambie anunue tiketi kama wenzake."

Kocha akacheka, filimbi ikalia peke yake.

Uwanja wetu umekaa kama bakuli. Zile kona mbili zimeinuka ukuta, na juu kabisa kuna reli ya chuma ambako watazamaji wa bei rahisi hujiegemeza. Ukipanda juu ya kona unafika walipo, unaweza kunusa walichokula. Mama hakai jukwaani hata siku moja. Husimama pale relini, kwenye kona ya pili, kwa sababu ndipo ninapopenda kusimama na mimi.

Kocha akanishikia siti. Nikaingiza viatu kwenye pedeli, nikakaza mikanda ya miguuni. Kutoka hapo, kama hujui, hutoki mpaka mtu akushike au uanguke. Miguu imefungwa kwenye pedeli, pedeli zimefungwa kwenye gurudumu.

Sindano alikuwa pembeni yangu, anatafuna kitu.

"Shikamoo, Dada Gundi."

"Marahaba. Kitakupunguzia mwendo hicho unachotafuna."

"Ni cha kunipa subira. Nimeambiwa utasimama sana."

"Nani amekuambia?"

Akamtupia jicho kocha wake. Na mimi nikamtazama kocha wake, kisha nikatazama geti, na chuki ikanipanda mpaka nikaisikia kwenye meno.

Filimbi.

Mizunguko mitatu. Kura ilinitaka niongoze mzunguko wa kwanza, kwa hiyo nikatoka taratibu, naangalia nyuma chini ya kwapa langu, Sindano ananifuata kama mtu anayenisindikiza sokoni. Hapo hakuna anayekimbia. Uwanja mzima kimya. Unasikia minyororo miwili tu, na koo lako.

Tukaingia mzunguko wa pili. Nikaanza kupanda ukuta wa kona, polepole, naelekea juu relini. Mpango wangu ulikuwa ule ule wa miaka yote. Nisimame juu, Sindano ashindwe kusimama, apite chini yangu, halafu nimshukie kama jiwe.

Ndipo nikaisikia sauti.

"Usisimame! Mke wangu, usisimame!"

Mume wangu. Sijui alipitia wapi. Alikuwa ndani, katikati ya uwanja, shati limechanika bega, walinzi wawili nyuma yake.

"Usisimame! Kimbia!"

Watu wakacheka. Mtu wa jukwaani akampigia kelele: "We fundi, muache mkeo afanye kazi!"

Na mimi, ninyi mnanijua, ukiniambia nisifanye kitu ndiyo umeniagiza. Nilipunguza zaidi. Nikafika juu kabisa. Nikageuza gurudumu la mbele kuelekea relini.

Chini yangu Sindano alianza kuyumba, anahangaika kupunguza.

"Dada, unasimama mpaka lini?"

"Mpaka uolewe."

Nikasimama. Mguu mmoja unasukuma mbele kidogo, mguu mwingine unabana nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma kidogo, mwili umetulia kama picha. Na hapo hapo, hatua moja kutoka kwenye usukani wangu, upande wa pili wa reli, alikuwa Mama.

"Safi, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, ile ya kumwongelesha mtu aliye kitandani. "Usimsikilize. Simama tu, usiogope. Nimeikaza."

Sikugeuza kichwa. Ukigeuza kichwa unaanguka.

"Umekaza nini, Mama?"

"Hiyo nati yako ya nyuma. Kama siku zote."

"Siku zote zipi?"

"Tangu ile mvua. Kila ukitaka kushindana naipitia mimi kabla hujaondoka. Mkwe wangu ni fundi mzuri lakini mikono yake miepesi. Kila nikiipitia naikuta haijakaa sawa."

Jasho lilinitoka puani likadondoka kwenye bomba la baiskeli. Nililisikia likitua.

"Mama. Unaizungusha vipi?"

Kwa pembe ya jicho nikamwona anafungua mkoba. Akatoa spana ya ndoano, ile ya akiba ya mume wangu, akainyanyua hewani anionyeshe, mwenye fahari. Akazungusha mkono.

Kulia.

Kama alivyofunga kila chupa na kila bomba tangu alipozaliwa.

"Leo ilikuwa ngumu, mwanangu, sijapata kuona. Iligoma kabisa. Nikailalia kwa mwili wote, mpaka ikakubali." Akainama karibu, akanong'ona ili watu wasisikie. "Asubuhi nilikuona. Ulikuwa unaifungua. Kichwa chako hakijakaa sawa tangu ile shingo. Nilinyamaza nisikuaibishe."

Pale pale, chini ya mguu wangu wa kushoto, kitu kikacheza. Kidogo, kama punje ya mchele.

Nikakumbuka uso wa mume wangu jikoni. Mdomo ulivyofunguka na kufungwa. Ndala za Mama kwenye korido. Mwanaume atamwambiaje mkewe kwamba anayemuua ni mama mkwe? Alikuwa amekuja mpaka mlango wa chumba cha kuvalia kumwomba yeye mwenyewe aache, kwa adabu zote, na Mama akafunga.

Nikajaribu kufikiri. Nikibana tena nyuma, meno yanafunguka, miguu inakosa kitu cha kushika, ninadondoka kutoka juu ya ukuta, na shingo inatangulia. Nikitaka kushuka, miguu imefungwa kwa mikanda. Nikimwomba Mama anishike, mkono wake haufiki, na angefika angekuja na reli yote.

Kulibaki upande mmoja tu. Kukanyaga mbele kunakaza. Kukanyaga nyuma kunafungua. Nikienda mbele, na nisirudi nyuma hata kwa kusahau, nitaishi.

"Mama," nikasema, "nakupenda sana. Usiguse kitu."

Nikachomoka kwenda mbele.

Hakuna bingwa mwenye akili anayeondokea pale. Ni mbali mno, mapafu yanaisha kabla ya mstari. Ndiyo maana Sindano hakutegemea. Nilimpita kwa juu nikishuka ule ukuta kama gunia lililotupwa kutoka ghorofani, na upepo wangu ukampeperushia alichokuwa anatafuna.

"We!" nikasikia.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Nilikanyaga. Nilikanyaga kwa hofu, na sijawahi kukutana na kocha mkali kama hofu. Kona ya kwanza Sindano alikuwa nyuma kwa mbali. Kona ya pili nikaanza kusikia mnyororo wake. Kwenye mstari ulionyooka nikaona kivuli cha gurudumu lake kinaingia chini ya kiwiko changu, kinaingia, kinaingia, na mapafu yangu yananiambia kwaheri.

Nikausukuma usukani mbele kwa mikono yote miwili.

Kwa upana wa kucha. Na kucha yenyewe imekatwa.

Bakuli zima likalipuka. Gundi! Gundi! Watu wanarusha kofia. Na mimi nimeshashinda, nimeshastaafu, ni bingwa daima, na ninakwenda mwendo wa gari dogo juu ya kitu kisichojua kusimama.

Nikajituliza. Nilijua la kufanya. Nikanyage mbele kidogo kidogo, kwa upole, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Nipande kona, nishuke kona, uwanja wenyewe unipunguze mwendo, mpaka kocha aweze kukimbia pembeni yangu na kunishika. Nisibane miguu. Nafasi nilikuwa nayo, na haraka sikuwa nayo.

Katikati ya uwanja nikamwona mume wangu anakimbia, mikono juu, anawafukuza wapiga picha.

"Rudini! Mpisheni! Hawezi kusimama!"

Alielewa. Alielewa kabla sijamwambia. Nilitaka kumwita kwa jina lile la nyumbani ambalo sitaliandika humu, nikaona nimalize kwanza kazi ya kubaki hai. Nitamwomba radhi nikishatua chini, tena mbele ya mama yake mzazi.

Nikapita kona ya kwanza. Mwendo umepungua kidogo. Nikapita kona ya pili, nikamtafuta Mama relini.

Hakuwepo.

Kuna ngazi pale, zinashuka mpaka kwenye kigeti cha chuma tunachoingilia washindani, mwanzo wa mstari ulionyooka. Kigeti kina komeo. Mlinzi wake alikuwa ameshaondoka kwenda kumkimbiza mume wangu.

Mwanamke aliyefunga kila kitu maishani mwake, siku hiyo alikuwa amefungua.

Alikuwa amevua viatu. Spana bado iko mkononi. Ameingia mpaka katikati ya njia, nguo inapepea, machozi yanamtiririka, anacheka, anakuja kunipokea.

Kulia kwangu, juu, ukuta na reli imejaa vichwa. Kushoto, chini, Sindano ameinamia usukani, analia, hatazami mbele. Katikati ni Mama.

"Mama, toka!" nikapiga ukelele. "Toka!"

Kelele za uwanja zikameza yote, likabaki neno moja tu, lile analolijua tangu siku niliyoanza kuongea. Akadhani namwita.

Akatandaza mikono wazi zaidi, magoti ameyakunja kidogo, vile vile alivyokuwa akisimama mwisho wa chumba nilipokuwa najifunza kutembea.

"Njoo, mwanangu!" akasema. "Nipo!"

Na miguu yangu, ambayo kwa miaka yote hiyo imefundishwa jambo moja inapoona mtu mbele, haikuniuliza.

Ikabana nyuma.